Tangi la Maji Uani Kwako

Leo tutazungumza habari za kujenga tangi la maji chini ya ardhi, ukisimamia mafundi mwenyewe bila mkandarasi. Mwezi wa Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua sana, na Dar es Salaam ikagawiwa maji kwa zamu. Wenye matangi walijua faida yake.

Tangi la mita 2 kwa mita 2 kwa ndani, lenye kina cha mita 1 na nusu, huchukua lita 6,000.

Nyumba za Kariakoo zimebanana. Ukichimba karibu na msingi, wako au wa jirani, udongo unaoushika hutoka na ukuta huanguka. Basi kwanza mwite mhandisi aonyeshe mahali, ukaulize kibali Halmashauri ya Jiji. Hapa usibane fedha.

Kisha waje wachimbaji, halafu mwashi. Fundi bomba je? Wengi humwita mwisho. Sivyo! Mabomba yapite ukutani kabla ya lipu, ama ukuta utatobolewa nawe ulipe mara mbili.

Saruji nunua mwenyewe, uhesabu mifuko.

Mapatano yaandikwe, uyasome, kila mtu atie sahihi. Fungu la mwisho la mwashi libaki kwako. Lipu ikikauka, jaza tangi, uache siku moja ukuta unywe. Ongeza maji, tia alama, funika. Kesho yake tazama: yakishuka, mwashi arudi kazini kabla ya kulipwa.

Mfuniko uwe na kufuli, kwa ajili ya watoto.