Kengele ya Mwizi Isiyo na Waya

Nyakati za Tarawehe nyumba nyingi hubaki tupu, na mwizi ayajua hayo kama aijuavyo adhana. Kuweka kengele si kupungukiwa na tawakali, Mtume (s.a.w.) alimwagiza mtu amfunge ngamia wake kwanza.

Chombo cha mlangoni ni sumaku ubaoni na mwenziwe mwimoni; vikitengana, kengele hulia. Cha chumbani hukaa pembeni, kimo cha mita 2 hivi, nacho huhisi joto la mwili upitao. Usikielekeze dirisha lipigwalo na jua.

Lakini, ewe msomaji, ikiwa nyumbani mna mzee aamkaye usiku kutawadha, chagua kengele iwezayo kuachwa ilinde milango peke yake. Ama sivyo, kila tahajudi itauamsha mtaa mzima, na baada ya siku tatu mtaizima kabisa. Nami nimeyaona hayo.

Kuta nene za matumbawe, kama za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, hudhoofisha mawimbi ya redio. Basi kijaribu kila chombo mahali pake kabla ya kutoboa ukuta. Chombo kikuu nacho kiwe na betri, kwani umeme hukatika. Betri zote zikaguliwe kila mwezi uandamapo.