GARI LAPANDA MLIMA ANGANI

Leo nataka kuwaelezeni jambo ambalo wengi huliona la kitoto, kumbe limejaa Fizikia tupu: kupanda mlima mkubwa kwa gari katika mchezo wa kompyuta wa angani.

Mchezo wenyewe ni Elite Dangerous, uliotoka mwaka wa 2014. Ulitengenezwa na Frontier Developments, kampuni ya Cambridge, Uingereza, ya David Braben. Huyu ndiye aliyetoa Elite ya kwanza mwaka wa 1984 pamoja na mwenzake Ian Bell. Mwanzoni mchezaji aliruka tu kati ya nyota. Mwishoni mwa 2015 ikaongezwa sehemu iitwayo Horizons, na sasa mtu akaweza kutua kwenye sayari na miezi isiyo na hewa, kisha akateremsha gari la magurudumu sita. Gari hilo huitwa Scarab, yaani yule mdudu anayebiringisha donge la mavi. Jina limelifaa kweli, maana likifika mlimani huhangaika vivyo hivyo!

Sayari za mchezo huu zina ukubwa kama wa kweli. Mlima ukiwa wa kilomita kumi, utazipanda zote kumi, na hiyo ni kazi ya saa nyingi. Wala milima ya namna hiyo si ndoto. Olympus Mons kule Mirihi una urefu wa kilomita 22 hivi, ilhali Everest ni mita 8,849 tu. Pale mvutano wa sayari ni mdogo, mwamba hauelemewi upesi na uzito wake wenyewe, kwa hiyo mlima huweza kurundikana juu zaidi.

Sasa hapa ndipo watu hubishana. Utamsikia mtu akisema, "Aa, mvutano ukiwa mdogo gari ni jepesi, si litapanda kama mbuzi?" Ngoja kwanza. Gurudumu hupanda kwa sababu ya msuguano, na msuguano hutokana na gari kukandamiza ardhi. Mvutano ukipungua mara kumi, nguvu inayolivuta gari nyuma hupungua mara kumi, sawa. Lakini mkandamizo nao umepungua mara kumi! Basi mwinamo unaolishinda gari kwa kuteleza hubaki ule ule. Kama unabisha, weka kifutio juu ya rula na uiinue polepole hadi kiteleze. Kisha weka viwili, kimoja juu ya kingine, uone kama pembe itabadilika.

Faida ipo, sikatai. Injini haichoki haraka, na vijiroketi vidogo vilivyo chini ya gari huliinua kwa urahisi. Lakini hasara nayo si haba. Uzito umepungua, wingi wa maada haukupungua. Ukigonga jiwe kwa mwendo ule ule, gari hurushwa juu mara kumi zaidi, na ukifunga breki litateleza mbali mara kumi. Ndiyo maana madereva wazoefu hawaukabili mlima wima. Huukata kwa mshazari, huku na huku, kama barabara zetu za milimani.

Na hili si la mchezoni tu. Gari la Marekani liitwalo Curiosity, nalo la magurudumu sita, lilitua Mirihi mwaka wa 2012, na mwaka wa 2014 likafika chini ya Mlima Sharp, wenye kimo cha kilomita tano na nusu hivi. Huo unaupita Mlima Kenya, ambao ni mita 5,199. Mvutano wa huko ni kama asilimia 38 ya wetu, lakini mwaka wa 2023 mwinamo wa nyuzi 23 tu, wenye mchanga na mawe makubwa kama magurudumu yake, ulilitoa jasho hasa. Mwaka uliotangulia lilikutana na mawe makali kama visu, na waongozaji wakaamua kurudi nyuma na kutafuta njia nyingine.

Mwenye Scarab akipinduka huwasha vijiroketi, akajigeuza na kuendelea na safari yake. Curiosity likipinduka, wanaoliongoza wako huku duniani, na hakuna mkono wa kuliinua.