Skrubu Katika Mfupa: Inavyoshika, na Inavyoshindwa

Mgonjwa aliyevunjika paja akirejea nyumbani Unyambwa, mojawapo ya kata za Manispaa ya Singida, swali la majirani ni moja: je, amewekewa vyuma? Akiitikia, mazungumzo huhamia mambo mengine. Lakini neno hilo "vyuma" limebeba vitu vyenye tabia tofauti kabisa. Huenda ni bamba lililokazwa kwa skrubu juu ya mfupa, au msumari mrefu uliopitishwa katika uwazi wa uboho na kufungwa kwa skrubu juu na chini, au fremu iliyo nje ya ngozi. Kila kimoja kina ruhusa na makatazo yake, na asiyejua kilichomo mguuni mwake hawezi kujua ni lini aukanyagie.

Kazi ya skrubu ni kugeuza mzunguko kuwa mgandamizo. Singida ni mkoa wa alizeti, na mashine za kukamua mafuta zinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: mhimili wenye nyuzi unazunguka, mbegu zinasukumwa mbele na kubanwa. Katika mfupa, daktari anayetaka kubana vipande viwili kwa skrubu ya milimita 4.5 hutoboa kipande cha karibu tundu pana la milimita 4.5, ambamo nyuzi hupita bila kushika. Kipande cha mbali hukitoboa tundu la milimita 3.2, ambamo nyuzi hushika. Skrubu inapokazwa, kichwa chake hukisukuma kipande cha karibu kuelekea cha mbali, na ufa hufumbwa.

Si kila mfupa hushikwa vivyo hivyo. Katikati ya paja au muundi, ganda la nje ni gumu na zito. Hapo hutumika skrubu yenye nyuzi fupi zilizokaribiana, na inayoshika maganda ya pande zote mbili hushika vizuri kuliko inayoshika upande mmoja. Karibu na viungo, kama gotini na nyongani, ndani ya mfupa mna vitundu vingi kama sifongo. Huko nyuzi huwa ndefu na zenye nafasi pana, ili zikusanye mfupa mwingi kati yake. Kwa wazee ambao mifupa yao imepungukiwa madini, hata nyuzi hizo huweza kung'oka. Ndiyo sababu ilibuniwa skrubu ambayo kichwa chake pia kina nyuzi, kikajifunga ndani ya bamba lenyewe. Skrubu na bamba huwa kitu kimoja, na haitegemei tena kulibana bamba juu ya mfupa.

Uimara wa skrubu dhidi ya kupinda hutegemea zaidi unene wa kiini chake kuliko upana wa nyuzi. Kiini cha milimita 4 hustahimili zaidi ya mara mbili ya kile cha milimita 3, kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Milimita moja, ambayo fundi wa milango asingeihesabu, huamua mengi katika chumba cha upasuaji.

Hata skrubu bora haiwezi kuokoa tundu baya. Keekee butu huchoma. Mfupa ukifikia nyuzijoto 47 kwa muda wa dakika moja, seli zake huanza kufa, na mfupa uliokufa hulegea pembezoni mwa nyuzi wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa tayari nyumbani. Keekee kali, mkono usiokandamiza kupita kiasi na maji ya chumvi ya kupoza ni vitu vya bei ndogo. Vinastahili uangalizi sawa na ule unaopewa vyuma vyenyewe.

Chuma hakikuwekwa kubeba mwili milele. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika bila hata kuvutwa kwa nguvu, na skrubu hupatwa na uchovu huohuo kwa kila hatua anayotembea mgonjwa. Hivyo baina ya mfupa na chuma kuna mashindano. Paja la mtu mzima kwa kawaida huhitaji miezi mitatu hadi sita kuunga. Likiunga mapema, mzigo hurudi kwenye mfupa na skrubu hupumzika. Likichelewa, kwa maambukizi, uvutaji wa sigara au kukanyagia kabla ya wakati, skrubu hukatika. Picha ya eksirei inayoonyesha skrubu iliyokatika mara nyingi inasimulia habari za mfupa usiounga, na kubadilisha chuma bila kutafuta chanzo chake ni kurudia safari ileile.

Tanzania ina mfano wake. Mwaka 1999 daktari wa mifupa Lewis Zirkle alianzisha huko Richland, Marekani, shirika la SIGN, linalotoa misumari ya mifupa kwa hospitali za nchi zenye kipato kidogo. Msumari wake unaweza kufungwa kwa skrubu bila mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji: mkono wa chuma unaokaa nje ya mguu humwelekeza daktari palipo na tundu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, ni miongoni mwa waliouzoea, na mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika nchini ukilinganisha msumari na fremu ya nje kwa wagonjwa waliovunjika muundi kwa jeraha la wazi. Vifo na upasuaji wa marudio havikutofautiana kwa kiwango cha kuthibitisha ubora wa njia moja. Kwa mkulima, mbadala wa zamani wa paja lililovunjika ni kulala wiki sita au zaidi mguu ukivutwa kwa uzito, na katika mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, wiki hizo huweza kuwa mavuno ya mwaka mzima.

Linalosahaulika ni karatasi ya kuruhusiwa. Ieleze aina ya chuma, kipimo na mtengenezaji wa skrubu, na tarehe ambayo mgonjwa ataruhusiwa kukanyagia, nusu au uzito wote. Aliyefanyiwa upasuaji Dodoma au Dar es Salaam huenda akahitaji kutolewa chuma mahali pengine. Skrubu nyingi za milimita 4.5 zenye tundu la pembe sita kichwani hufunguliwa kwa bisibisi ya milimita 3.5, na zile za 3.5 kwa bisibisi ya 2.5; nyingine zina tundu la umbo la nyota. Bisibisi isiyolingana huliharibu tundu hilo, na upasuaji wa muda mfupi hugeuka kuwa wa saa nyingi.

Baada ya skrubu kutolewa, matundu yaliyobaki huudhoofisha mfupa kwa wiki kadhaa, pengine miezi michache, hadi yajazwe. Katika kipindi hicho mgonjwa hutembea, lakini haruki, habebi magunia wala hapandi bodaboda kwenye njia mbovu.