Jinsi Meli Zinavyosemezana Baharini

Aendaye baharini huacha nyuma yake barabara, posta na jirani. Akipatwa na msiba hana pa kukimbilia, wala ukelele wake haufiki mbali. Kwa hiyo tangu zamani mabaharia walipeana habari kwa bendera mchana na kwa taa usiku. Lakini bendera haionekani penye ukungu, na taa haivuki upeo wa macho. Nataka kueleza jinsi redio na setilaiti zilivyoondoa shida hiyo, na kwa nini chombo cha kusemea hakifai kitu kama hapana anayesikia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 meli zilianza kutiwa simu ya upepo, yaani mtambo wa kupeleka habari bila waya kwa milio mifupi na mirefu ya Morse. Mwaka 1906 mataifa yaliyokutana Berlin yalichagua alama ya hatari: milio mitatu mifupi, mitatu mirefu, kisha mitatu mifupi. Hiyo ndiyo SOS. Wengi hudhani herufi hizo ni kifupi cha maneno fulani, lakini sivyo. Zinapendwa kwa kuwa ni nyepesi kupiga na kutambua.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli Titanic iligonga mlima wa barafu katika Bahari ya Atlantiki, ikaita msaada. Meli Californian ndiyo iliyokuwa karibu zaidi, lakini ilikuwa na fundi mmoja tu wa simu, naye alikuwa amefunga mtambo wake muda mfupi kabla ya ajali akalala. Carpathia, iliyokuwa mbali maili 58 za baharini, ilisikia kwa kuwa fundi wake alikuwa bado anasikiliza. Ilikwenda mbio ikaokoa watu zaidi ya 700. Watu wapatao 1,500 walikuwa wamekwisha kufa. Ni kweli kwamba mashua za kuokolea watu zilikuwa chache, lakini dunia ilipata fundisho jingine pia. Mkataba wa usalama baharini uliotiwa sahihi London mwaka 1914 ulitaka meli zisikilize simu mchana na usiku.

Siku hizi kazi hiyo ya kusikiliza hufanywa zaidi na mitambo. Tangu tarehe 1 Februari 1999, meli zote za abiria, na za mizigo za tani 300 au zaidi, ziendazo nchi za ng'ambo, hutakiwa kuwa na mitambo ya namna kadha wa kadha.

Kwanza ni redio ya VHF. Mawimbi yake huenda moja kwa moja, hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Kwa hiyo meli mbili husikizana kiasi cha kilomita 30 au 40 tu. Chaneli 16 ndiyo ya kuitana na ya hatari. Aliye hatarini husema "Mayday" mara tatu, hutaja jina la chombo, mahali alipo, shida yake na idadi ya watu. Tena kuna kitufe ambacho kikibonyezwa hupiga kengele katika meli zote zilizo karibu, hata baharia aliyeshughulika na kazi nyingine hushtuka.

Pili ni redio ya HF. Mawimbi yake hupanda mpaka tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, yakarudishwa chini mbali sana, mfano wa mpira uliogonga dari.

Tatu ni setilaiti. Zile za Inmarsat, shirika lililoanzishwa mwaka 1979, zimewekwa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Huzunguka sawasawa na dunia, hata huonekana kama zimesimama. Habari ya meli hupanda kwao, kisha hushuka kwenye kituo cha nchi kavu, ikapelekwa kwa waokoaji.

Mwisho kuna boya la redio. Meli ikizama, mkandamizo wa maji hulifungua boya lenyewe, likaelea na kuzipigia setilaiti kwa muda wa saa 48 au zaidi, hata kama hapana mtu aliyewahi kushika redio.

Lakini mashua na ngalawa za wavuvi wetu hazibanwi na mkataba huo. Wavuvi wengi huchukua simu ya mkononi tu. Simu hiyo hutegemea minara ya nchi kavu; tena humwita mtu mmoja, na mtu huyo akiwa amelala, mambo huwa yale yale ya Californian. Redio ndogo ya VHF ya kushika mkononi husikiwa na kila chombo kilicho karibu chenye redio iliyofunguliwa. Basi mzazi mwenye chombo, anunuapo nyavu na mashine, na aitie redio hiyo katika hesabu yake. Na akiwa nayo, aiache wazi kwenye chaneli 16, kwani huenda anayeita ni mwenzake.