Kimea si cha Pombe Peke Yake

Katika maghala ya vyama vyetu vya msingi, gunia la ulezi huhesabiwa na wengi kuwa mali ya watengeneza pombe. Mtu akitaja kimea, fikira humwendea mara moja komoni. Kwa sababu hiyo wako akina mama wanaoona haya kukitia katika uji wa mtoto, wakidhani kwamba watamlevya. Dhana hiyo haina msingi, nayo imewanyima watoto wengi chakula bora kilichomo nyumbani mwao.

Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikaanikwa na kusagwa. Si chachu. Chachu hugeuza sukari kuwa kileo; kimea kazi yake ni kuvunja wanga. Mbegu inapoota hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha akiba yake ya wanga ili mche upate kula, na nguvu hiyo hubaki katika unga wake.

Faida yake ni hii. Unga wa mahindi ukipikwa huvimba na kunywa maji mengi. Mama akitaka uji ambao mtoto ataweza kuumeza, hana budi kutia unga kidogo na maji tele. Mtoto wa mwaka mmoja hujazwa na kikombe kimoja tu hivi, na sehemu kubwa ya kikombe hicho ni maji. Tumbo limejaa, mwili una njaa. Lakini uji mzito unaokaribia ugali, ukitiwa kijiko kidogo cha kimea, hulegea mbele ya macho yako hata ukanyweka, na unga wote umo ndani.

Jambo hili lilielezwa na wataalamu kutokana na kazi yao humu nchini mwaka 1983. Miaka hiyohiyo ulianza mpango mkubwa wa lishe mkoani Iringa, wakati huo ukiwa pamoja na Njombe, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, katika vijiji 168. Hadi mwaka 1988 utapiamlo mkali wa watoto katika vijiji hivyo ulikuwa umeshuka kutoka karibu asilimia 6 hadi karibu asilimia 2. Haikuwa kazi ya kimea peke yake: watoto walipimwa uzito, na vijiji vyenyewe vikajadili matokeo.

Utengenezaji wake akina bibi wanaujua. Ulezi hupepetwa, huoshwa, hulowekwa usiku kucha, kisha huchujwa na kufunikwa kwa gunia bichi siku mbili au tatu, ukinyunyiziwa maji. Ukishaota huanikwa juani hadi ukauke kabisa, hupukuswa mizizi, ndipo husagwa. Ulioota ukungu utupwe. Mtama nao humea, ila chipukizi zake zina sumu ya sianidi, hivyo kwa watoto ulezi ni salama zaidi.

Kimea kisitiwe katika uji unaotokota, maana moto mkali huua vimeng'enya. Uji uepuliwe na upoe kidogo, kitiwe na kukorogwa; ukishalegea urudishwe motoni uchemke tena, kwa kuwa kimea chenyewe ni kibichi na kilikaa unyevuni siku kadhaa.

Togwa ni jambo jingine. Hapo uji uliopoa hutiwa kimea na kuachwa hadi uchachuke. Uchachu huo huzuia vijidudu vya kuharisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliona vijidudu hivyo vikipungua kwa watoto wa Tanzania waliokunywa togwa. Isiachwe siku nyingi, kwani hapo kileo huanza kweli.

Neno moja kwa wasimamizi wa mashine za chama: kimea kisagwe mwisho wa siku, na mashine isafishwe vema. Kikibaki humo, ugali wa mteja wa kwanza kesho yake waweza kuwa maji, naye atakuja kudai kwamba mahindi ya chama ni mabovu.