"Malaika kanionyesha": Ukristo unaupimaje ujumbe kama huo?

"Malaika wa Bwana kanionyesha." Kauli hiyo ikitamkwa mbele ya mtu ambaye duara lake halijatoa kitu kwa miezi sita, inaweza kumfanya auze hata ng'ombe wa mwisho.

Runzewe, mji mdogo wilayani Bukombe, mkoa wa Geita, upo kwenye barabara kuu inayotoka Kahama kwenda Lusahunga na mipaka ya Rwanda na Burundi, ndani ya ukanda wa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Uchimbaji huo una kubahatisha kwingi. Watu wanashusha duara mita kwa mita, wanakopa hela ya magogo na mafuta ya jenereta, halafu mawe yakifika kwenye karasha hayana kitu. Ndiyo maana kujua wapi pa kuchimba kuna bei, na wanaouza "kujua" huko hawakosekani.

Biashara hiyo imeshagharimu damu. Mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2007, yalihusishwa na waganga walioahidi wateja wao utajiri. Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Lakini anayesema katumwa na malaika hajihesabu kwenye kundi hilo. Yeye anasema ni mtumishi wa Mungu. Basi apimwe kwa Biblia anayoishika mkononi.

Malaika ni mjumbe, basi

Kiswahili kimelichukua neno malaika kutoka Kiarabu, na kikalipa maana nyingine juu: mtoto mchanga ni malaika, hata vinyweleo vya mwilini huitwa malaika. Picha inayobaki kichwani ni ya kitu laini chenye mabawa.

Biblia ni kavu zaidi. Neno la Kiebrania, mal'akh, na la Kigiriki, angelos, yote yana maana ya mjumbe, mtu aliyetumwa. Katika Luka sura ya 7, watu wa kawaida waliotumwa na Yohana Mbatizaji kwa Yesu wanaitwa kwa neno hilohilo la Kigiriki.

Anayeishi kijijini anamjua mjumbe. Mjumbe wa nyumba kumi akipita kuita watu mkutanoni, hatungi agenda yake, wala hatozi kiingilio. Akifikisha habari, kazi imeisha.

Wanachosema, na wasichosema

Malaika wa Biblia hawana maneno mengi. Gabrieli anampa Zakaria habari ya mtoto, kisha anakwenda kwa Maria. Yosefu anaambiwa ndotoni amchukue mtoto na mama yake wakimbilie Misri. Filipo anaambiwa ashike barabara iendayo Gaza, bila kuelezwa atakutana na nani.

Kisa cha Kornelio, kwenye Matendo sura ya 10, ndicho kinachofaa kusomwa polepole. Huyu alikuwa ofisa wa jeshi la Kirumi, mtu wa sala na sadaka. Malaika anamtokea saa tisa mchana. Mtu angetegemea amhubirie hapohapo. Hapana. Anamwelekeza atume watu Yafa wakamwite Petro, na anamtajia hadi nyumba anayokaa, kwa Simoni mtengeneza ngozi. Malaika anamkabidhi mtu kwa mtu mwingine, kwenye mafundisho yanayoweza kusikilizwa na kuulizwa na nyumba nzima.

Kuhusu pesa, kipo kitabu cha Tobiti, ambacho kipo kwenye Biblia ya Wakatoliki. Rafaeli, akiwa na sura ya binadamu, anamsindikiza kijana Tobia safari ndefu, na njiani anamsaidia hata kufuata fedha za baba yake zilizowekwa kwa mtu mbali. Waliporudi, familia ikataka kumpa nusu ya vyote walivyoleta. Nusu! Rafaeli akajitambulisha, akawaambia wamshukuru Mungu, akaondoka.

Hata malaika anapimwa

Paulo hakuwa na aibu kwenye jambo hili. Anawaandikia Wagalatia kwamba hata malaika wa mbinguni akileta injili tofauti na waliyoipokea, alaaniwe. Kwa Wakorintho anaonya kwamba Shetani naye hujigeuza awe kama malaika wa nuru. Na katika Ufunuo, Yohana anapoanguka mbele ya malaika, anazuiwa: amwabudu Mungu.

Kwa hiyo Mkristo anayeuliza maswali kuhusu maono ya nabii hajamkosea Mungu. Kaagizwa kuuliza.

Afrika Mashariki imeona kinachotokea maswali yasipoulizwa. Kaskazini mwa Uganda, Alice Auma, binti wa Kiacholi, alisema ameingiwa na roho iitwayo Lakwena. Kwa Kiacholi neno hilo maana yake ni mjumbe, yaani neno lilelile la Biblia. Alianza kwa kuponya watu. Agosti 1986 akasema mjumbe kamwagiza aache uponyaji, aanzishe vita. Wapiganaji wake walipakwa mafuta wakiambiwa risasi hazitawapata, na walikatazwa kujificha nyuma ya miti au vichuguu. Walifika hadi karibu na Jinja, wakashindwa mwaka 1987. Maelfu walikuwa wameshakufa. Alice alikimbilia Kenya, akafia kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab Januari 2007.

Makanisa hayasemi kitu kimoja

Wapentekoste wengi huamini malaika na maono bado vinatokea waziwazi leo, lakini nao wanalo andiko la kuzijaribu roho, waraka wa kwanza wa Yohana sura ya 4. Wakatoliki hufundisha kwamba kila mtu ana malaika mlinzi. Ila mwongozo wa Vatikani wa mwaka 2001 kuhusu ibada za waamini haukubali kuwapa malaika majina, isipokuwa Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, ambao wametajwa kwenye Maandiko. Mtu akija na malaika mwenye jina jipya na namba ya simu ya kutumia sadaka, Mkatoliki ana sababu ya kurudi kwanza kwa katekista wake.

Malaika wakuu hao watatu huadhimishwa na Wakatoliki pamoja tarehe 29 Septemba, na malaika walinzi tarehe 2 Oktoba. Misa hizo ziko wazi kwa yeyote, na hazina kiingilio.