Je, wajua? Mita 40 chini, pumzi moja ni tano

Manowari ya Uingereza, HMS Pegasus, imelala takriban mita 40 chini ya bahari, karibu na mji wa Zanzibar. Ilizamishwa Septemba 20, 1914 na Königsberg, meli ya Wajerumani iliyoondoka bandari ya Dar es Salaam Julai 31 mwaka huohuo. Kwa mzamiaji wa Kunduchi au Msasani, jijini Dar es Salaam, kufika Zanzibar ni rahisi. Kushuka ndiko kwenye gharama.

Kwenye kina hicho mgandamizo ni mara tano ya ule wa juu, na kila pumzi hula hewa mara tano. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una hewa ya lita 2,400. Anayevuta lita 20 kwa dakika angeumaliza kwa saa mbili akiwa juu. Kule chini ni dakika 24, bila kubakiza ya kupandia!

Ndiyo maana uzamiaji wa kiufundi, ule wa kina kirefu, hutaka mitungi miwili mgongoni na regulata mbili, yaani vifaa vya kuvutia hewa kutoka mtungini. Moja ina mpira wa mita 2 hivi, ili mwenzako avute hewa yako mkipita upenyo mwembamba, mmoja nyuma ya mwingine.

Vipi kuvuta oksijeni tupu badala ya hewa? Haivutwi chini ya mita 6, maana huweza kuleta degedege. Kina hicho huandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye mtungi wenyewe. Regulata yake husafishwa isibaki na grisi, kwani grisi ikikutana na oksijeni huweza kuwaka.

Mwanafunzi mwerevu wa uzamiaji hununua kwanza miwani, mapezi na kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa kama saa. Mitungi huikodi, kwani ndege hazibebi mtungi uliojaa.